Ya Tivii au ya Nyumbani: Masikio ya Jharna Malakar

Saa kumi na moja na dakika kumi na nane jioni. Jua la mwezi wa Kartik, Oktoba kuingia Novemba, limeshazama nyuma ya mapaa ya mji wa Chuchura, na Jharna Malakar anavaa hedfoni, anavuta kiti, anaweka vidole viwili juu ya kibodi. Kimoja kwenye namba moja, kingine kwenye namba mbili.

"Wanaanza sasa hivi," anasema. "Ngoja tu."

Na kweli wanaanza. Huko nje, uchochoro baada ya uchochoro, mabaragumu ya kombe la baharini yanalia. Akina mama wamewasha taa za jioni mbele ya miungu yao na sasa wanapuliza, mara tatu kila nyumba, kama walivyopuliza mama zao. Kwenye kompyuta ya Jharna mistari ya kijani inamiminika. Kila mstari ni simu moja, mahali fulani Bengali, iliyosikia baragumu.

Anabonyeza wa kwanza, anasikiliza sekunde kumi. Namba mbili. Wa pili: namba mbili. Wa tatu anainua nyusi, anacheka peke yake. "Huyu mama leo ana mafua." Namba mbili. Wa nne: namba moja.

Moja maana yake ni ya tivii. Mbili ni ya nyumbani. Kazi yake yote ni hiyo, kuanzia magharibi hadi saa tatu, vipande vya sauti mia tisa kila jioni, siku sita kwa wiki. Ana umri wa miaka arobaini na saba, ni mjane, na katika miaka mitatu ya kazi hii hajawahi kukosea. Au ndivyo ofisi nzima ilivyoamini mpaka mwezi huu.

Biashara yenyewe ni rahisi kuieleza. Hakuna tena mtu anayetazama tivii kwa macho yote mawili. Tamthilia iko ukutani, simu iko kiganjani, na tangazo likija tu, macho yanashuka kwenye simu. Wenye bidhaa wakaona wanapiga kelele kwa paji la uso la mtu. Wakaamua kuyafuata macho yalikokwenda.

Basi familia zinazokubali huwekewa programu kwenye simu na kupewa vocha ya rupia mia na ishirini kila mwezi. Programu inatega sikio sebuleni. Ikisikia tamthilia, inajua ni ipi na imefika wapi, na hapo hapo inaleta tangazo kwenye simu. Bibi harusi akilia kwenye tivii, simu inakuletea dawa ya kichwa. Baragumu la arusi likipulizwa, simu inakuletea bangili nyeupe za ndoa, zile zinazochongwa kwa kombe lile lile la baragumu.

Tatizo lilikuwa hapo kwenye baragumu. Vijana wa makao makuu, huko Mumbai, waliifundisha mashine kwamba ikisikia baragumu, basi hiyo ni tamthilia. Hawakumuuliza mtu. Jioni ya kwanza, dakika chache baada ya jua kuzama, mashine ikatangaza kwamba makumi ya maelfu ya nyumba za Bengali zinatazama arusi kwa pamoja. Tamthilia hata moja ilikuwa bado haijaanza.

"Yule mwenye bangili alifurahi nusura azimie," anasema Subimal Dhar, msimamizi wa ofisi, kijana wa miaka thelathini na moja mwenye ndevu chache na kikohozi cha sigara. "Sisi huku tukishika vichwa. Kumbe ni shangazi zetu na taa zao!"

Ndipo wakatafuta masikio ya mtu, ya kusahihisha hesabu baada ya mashine kutuma tangazo lake. Jharna wakati huo alikuwa akishona blauzi dirishani kwake. Alipewa vipande ishirini vya kujaribiwa akavipata vyote. Leo analipwa rupia elfu kumi na moja kwa mwezi. Elfu tatu na mia tano ni kodi ya chumba, na zinazobaki karibu zote zinamfuata binti yake, Tuktuki, anayesomea uuguzi Bardhaman.

Unawezaje kujua? Swali hili ameulizwa sana, na jibu lake halibadiliki.

"Tamthilia zote zinatumia sauti moja. Kuna mtu alipuliza mara moja studio, miaka mingi iliyopita, wakamrekodi. Pengine alishakufa zamani. Na wao wanampulizisha kila jioni, maskini. Ni ndefu, safi, lakini humsikii akivuta hewa." Anashusha hedfoni shingoni. "Ya nyumbani ina mtu ndani yake. Unamsikia akijaza kifua. Unasikia mate. Unasikia bangili zikigonga kombe, mtoto analia, sufuria inapiga mluzi. Mimi nawajua watu humu, ujue. Sijawahi kuwaona, lakini nawajua."

Mmoja wa aliowajua alikuwa namba 0417.

0417 alikuwa mama yake mzazi, Nirupoma Hazra, wa Guptipara, mwendo wa saa moja kwa treni. Jharna ndiye aliyemwandikisha, ili apate vocha na ili yeye mwanawe awe anamsikia kila jioni bila kupiga simu. Mama alicheka sana siku zile za mwanzo. Alikuwa amekaa mjane miaka kumi na tisa, na kila akimaliza kupuliza, simu inawaka na kumwonyesha bangili za bibi harusi.

"Ananipigia," Jharna anakumbuka. "Ananiambia, 'Jhoru, hawa watu wako wananiozesha tena! Basi wamlete na mwanamume nimwone meno!'"

Mama alikuwa na pumu. Mpulizo wa kwanza aliutoa mzima. Wa pili mzima. Wa tatu ulimshinda katikati: sauti ilipanda, ikatetemeka, ikakatika ghafla, halafu akapumua kama mtu aliyetoka kubeba maji. Kila jioni miwili na nusu. Katika vipande mia tisa, Jharna angeutambua usingizini.

Nirupoma alifariki mwezi wa Magh, Januari kuingia Februari, hospitalini Kalna, alfajiri ya baridi. Wakamchoma kando ya mto, wakamaliza ibada zote, nyumba ikafungwa. Ufunguo ulibaki kwa jirani. Simu ilibaki kwenye rafu, pembeni ya miungu, pale pale mama alipozoea kuiweka. Jharna hakuwa na moyo wa kuizima.

"Nilijua chaji itaisha yenyewe. Nikasema, iache ijifie."

Siku ya kumi na sita baada ya msiba alikuwa kazini, kidole juu ya namba mbili, anabonyeza bila kufikiri. Ukaja mstari: 0417. Akasikiliza. Mpulizo mmoja, mzima. Wa pili, mzima. Wa tatu ukapanda, ukatetemeka, ukakatika. Halafu ile pumzi.

Anasema alitazama nyuma, ingawa nyuma yake palikuwa na ukuta tu na kalenda ya duka la mbolea.

"Halafu nikabonyeza moja."

Ya tivii. Mwanamke asiyekosea alidanganya kwa mara ya kwanza, na alijua kwa nini. Ofisi ina kanuni: simu inayokaa siku tisini bila kusikia televisheni hufutwa kwenye orodha, na ikishafutwa, vipande vyake haviji tena. Nyumba ile ilikuwa haina wa kuwasha tivii. Angebonyeza mbili siku tisini, basi, kimya. Kwa hiyo alibonyeza moja. Kesho yake kipande kikaja tena, akabonyeza moja. Na keshokutwa. Miezi minane.

Hivi kwa nini hakumpigia simu jirani akauliza tu? Hapo Jharna anakwangua rangi ya meza kwa ukucha.

"Nilijiambia ni Kakima, yule jirani mwenye ufunguo, anayepuliza. Anaingia kuwasha taa, kwa nini asipulize? Nikajiambia hivyo kila siku. Sasa, ningemuuliza akasema siye, ningefanyaje mimi?"

Mambo yaliharibika wiki ya kwanza ya Kartik. Subimal alikuwa akipitia orodha ya mwezi, huku akitafuna bisi za mchele na pilipili mbichi, akaacha kutafuna.

"Jharna-di," aliita, kwa ile "di" ya dada mkubwa, "hebu njoo. Hii 0417 inatazama tamthilia gani?"

"Kwani vipi?"

"Kila jioni baragumu la tivii. Kila jioni dakika ile ile. Mpaka Jumapili, na Jumapili hakuna tamthilia inayoanza saa hizo. Wanatazama tivii ya wapi hawa, ya peponi?"

Alikuwa akitania. Alipoona uso wa Jharna, utani ukamwishia mdomoni. Akasikiliza kipande mwenyewe. Naye ni mtoto wa Bengali, hakuhitaji masikio ya kipekee kujua kwamba ile si sauti ya studio.

"Hii ni ya nyumbani, Di. Hata mwanangu wa miaka minne angejua." Akashusha sauti. "Wewe hukosei. Kwa hiyo hukukosea. Sasa nifanyeje mimi? Mumbai wakiona, watasema umepachika alama za uongo, na mtu wa alama za uongo hawamuulizi mara mbili. Nakupa mpaka Ijumaa. Rekebisha mwenyewe, niseme ulipitiwa."

Kurekebisha maana yake ni kubonyeza mbili. Na kwa miezi minane ya mbili, 0417 ingefutwa hapo hapo. Kutorekebisha maana yake ni kupoteza kazi, na Tuktuki amebakiza muhula mmoja.

Alhamisi, siku ya mungu wa kike Lakshmi, Jharna aliomba ruhusa akapanda treni kwenda Guptipara. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu mwezi wa Magh, na alimkubalia mwandishi wa makala haya afuatane naye. Njia nzima hakuzungumza. Alinunua chungwa, akalimenya, akalisahau mkononi mpaka likakauka.

Kakima alikuwa akiwasubiri kibarazani. Ni bibi wa miaka sabini na minane, mdogo kwa umbo, mkali kwa mdomo. Watoto wake wote wako Surat kwenye viwanda vya nguo.

"Umekuja! Miezi minane! Nyumba ya mamako ingekuwa mbuzi ungeshaikuta mifupa," alimpokea. Kisha akamshika kidevu, akabusu vidole vyake mwenyewe kama wafanyavyo wazee wa huku. "Umekonda, mama. Ingia."

Nyumba ilikuwa imefagiwa. Uani, juu ya mwanzi mrefu, palitundikwa taa ndogo ya karatasi, kama inavyotundikwa mwezi huu ili waliotangulia waone njia. Ndani, mbele ya miungu, kulikuwa na utambi mpya na mafuta. Kombe la mama lilikuwa limelala kwenye kitambaa chekundu. Na simu ilikuwa kwenye rafu, imechomekwa kwenye umeme.

"Nani anaichaji?" Jharna aliuliza.

"Mimi, nani mwingine? Ilikuwa inalialia kama kifaranga, nikaihurumia. Nikasema labda watoto watapiga."

"Kakima, na baragumu? Unapuliza wewe?"

Bibi alifungua kinywa akaonyesha kwa kidole. Mbele hapakuwa na jino hata moja.

"Nipulize na nini? Tangu mwaka juzi nikijaribu yanatoka mate tu. Taa ninawasha, nyumba isikae giza, lakini kupuliza hapana. Mimi nilidhani..." Akatazama rafu. "Basi. Kaeni, jua linazama."

Waliketi watatu sakafuni: Jharna, Kakima na mwandishi. Kakima akawasha utambi. Ng'ambo ya bwawa mabaragumu ya majirani yakalia, mbali, moja moja, yakaisha. Mbwa akabweka, akaacha. Chumba kikawa kimya kiasi cha kusikia utambi ukinyonya mafuta. Jharna alikuwa amefumba macho, mikono imebana magoti.

Hakuna kilicholia. Hili mwandishi analisema akiwa na masikio yake yote mawili mazima: hakuna kilicholia.

"Meno haya, mama," Kakima aliendelea kunong'ona, kuvunja ukimya tu, "meno haya yaliniponza, daktari wa Kalna aliniambia..."

Na simu ikawaka.

Ilijiwasha yenyewe kwenye rafu, mwanga mweupe ukapanda ukutani mpaka kwenye nyuso za miungu. Kwenye kioo kulikuwa na mkono wa bibi harusi umepakwa rangi nyekundu kiganjani na bangili mbili nyeupe zikizunguka taratibu. *Kwa siku yako kubwa*, yalisema maandishi.

"Ndiyo hivyo," alisema Kakima, bila hata kugeuka. "Kila siku ikifika saa hii. Inaonyesha bangili, halafu inazima."

Jharna hakulia wala hakupiga kelele. Aliinuka, akachukua kombe la mama, akalifunika kwa ncha ya sari, akalitia kwenye mkoba. Halafu akalitoa tena na kulirudisha kwenye kitambaa chake. Alimwomba Kakima maji.

Ijumaa jioni mstari wa 0417 ulikuwa ukimngoja kazini, wa tarehe ya jana. Subimal alivuta kiti akaketi kando yake na kuchomeka hedfoni ya pili. Mwandishi alipewa ya tatu.

Sauti ya kwanza kwenye kipande ni ya Kakima, wazi kabisa: "...niponza, daktari wa Kalna aliniambia..." Juu ya maneno yake, karibu zaidi kuliko yeye, kama mdomo uko kwenye simu yenyewe, kuna mtu anajaza kifua. Mpulizo mmoja, mzima. Wa pili, mzima. Wa tatu unapanda, unatetemeka, unakatika. Halafu pumzi, ya taabu, ikipungua polepole.

Subimal alivua hedfoni. Alikuwa amebadilika rangi. "Di," alisema, "mlikuwa mmekaa pale? Hamkusikia?"

"Tulikuwa tumekaa pale."

"Basi tuseme ni hitilafu. Nitaandika hitilafu. Simu mbovu."

"Si hitilafu."

"Basi iache moja! Nitatafuta maneno, nitawaambia Mumbai chochote, kwani wao wanajua nini?"

Ni mtu mwema, Subimal, na woga ulimfanya mwema zaidi. Lakini Jharna alikuwa ameshaweka kidole. Anasema alifikiri habari ya yule mtu wa studio, aliyekwisha kufa, anayepulizishwa kila jioni bila kuvuta hewa ili watu wauze bangili. Anasema miezi minane alikuwa amemweka mama yake kwenye fungu moja na yule.

"Huyu anavuta hewa," alimwambia Subimal. "Umemsikia mwenyewe. Kazi yangu ni kusema sauti ni ya wapi."

Akabonyeza mbili. Akarudi nyuma kwenye orodha, jioni baada ya jioni, Kartik, Ashwin, Bhadra, mpaka Magh, na kila moja akaibadilisha kuwa mbili. Ilimchukua karibu nusu saa. Mbili, mbili, mbili. Nyumbani, nyumbani, nyumbani. Alipofika mwisho, mistari yote ya 0417 ilififia kwa pamoja, na mahali pake pakabaki neno moja la kijivu: *Imefutwa*. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kichwa kimelala juu ya kibodi, na Subimal akatoka nje kwenda kununua chai ambayo hakuna aliyeiagiza.

Kazi yake imesalimika. Tuktuki ataumaliza muhula wake. Vipande mia tisa vinaendelea kuja kila jioni, na 0417 haimo tena.

Mwezi ujao, wa Ogrohayon, Jharna anahamia Guptipara, kwenye nyumba ya mama. Ameshatoa taarifa kwa mwenye chumba. Amekubaliana na Subimal aanze kazi saa moja badala ya magharibi, apate treni ya baadaye, na vipande vya mapema avikute vimemsubiri. Kakima ameshaanza kulalamika kwamba atakuwa na mpangaji wa kumlisha.

Kila asubuhi anajifunza kupuliza kwa kombe la kuazima, dirishani pale alipokuwa akishona blauzi. Mwanzoni yalitoka mate tu, kama ya Kakima. Sasa inatoka sauti, ya kukwaruza, lakini sauti.

Mwandishi alimuuliza kama ataweza mipulizo yote mitatu.

"Mitatu ya nini?" alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akatabasamu. "Miwili ya mwanzo nitamwachia mama mwenyewe, anaiweza. Nimeisikia miezi minane, urefu wake naujua kwa moyo. Nitawasha taa, nitakaa kimya nihesabu. Akifika ule wa tatu, pale anapokatika, mimi nitaumalizia."